Vyombo Viwili Katika Maji ya Niagara

Mpaka wa nchi kavu huonekana kwa macho. Hapo pana nguzo, au ukuta, au askari aliyesimama kando ya kizuizi, na msafiri hujua wazi ni wapi ameitoka nchi hii na ni wapi ameingia nchi ile. Lakini mpaka upitao majini hauna alama. Maji ya huku ndiyo maji ya kule, na samaki waliomo hawaulizwi pasipoti. Mpaka wa namna hiyo ndio tunaotaka kuwaeleza khabari zake mwezi huu, kwa sababu katika mwaka 2020, wakati maradhi ya Korona yalipozifunga njia za dunia, mpaka huo ulionyesha jambo ambalo twaona lafaa lizungumzwe majumbani mwetu, khasa mbele ya vijana.

Mpaka wenyewe ni mto Niagara, ulioko baina ya Marekani na Kanada. Mto huu si mrefu; urefu wake ni kiasi cha kilomita 58 tu. Hutoka katika ziwa Erie, ukaelekea kaskazini, ukamwaga maji yake katika ziwa Ontario. Upande wake wa mashariki ni jimbo la New York la Marekani, na upande wa magharibi ni jimbo la Ontario la Kanada. Katikati ya safari yake mto hufika ukingoni mwa jabali, ukaanguka chini kwa kishindo. Hayo ndiyo maporomoko ya Niagara, ambayo sifa zake zimeenea duniani kote.

Maporomoko yenyewe ni matatu. Kisiwa kiitwacho Goat Island kimeugawa mto, na upande wa Marekani yapo maporomoko mawili, moja kubwa na jingine jembamba mfano wa utaji. La tatu, ambalo ni kubwa kuliko yote, limepinda kama kiatu cha farasi, na kwa sababu hiyo huitwa Horseshoe. Sehemu kubwa ya hilo imo Kanada. Mapatano ya mwaka 1783, yaliyokubali uhuru wa Marekani, yaliweka mpaka upite katikati ya mto, na tangu hapo mstari huo umekuwapo katika karatasi na katika ramani. Mwezi wa Julai 1814 majeshi ya pande mbili yalipigana vita vikali mahali paitwapo Lundy's Lane, karibu kabisa na maporomoko. Mwaka huo huo, mwezi wa Desemba, mapatano ya amani yakatiwa sahihi, na tangu siku hizo nchi mbili hizi hazikupigana tena.

Mgeni afikapo mahali hapa husikia kwanza kabla ya kuona. Sisi tulifika kwa upande wa Marekani, na tulipokuwa bado mbali na ukingo tulisikia ngurumo isiyokatika, kama mawimbi ya kusi yanayovunjika mwambani, illa mawimbi hupumzika baina ya moja na jingine, na ngurumo hii haipumziki. Tukateremshwa kwa lifti mpaka chini ya bonde la mto, tukapewa makoti mepesi ya plastiki ya rangi ya buluu, kisha tukapanda chombo kiitwacho Maid of the Mist. Upande wa pili wa mto tuliwaona abiria wa Kanada nao wakipanda chombo chao, wamevaa makoti mekundu. Hata ukiwa mbali, kwa rangi hizo wajua huyu katoka pwani gani.

Tangu Oktoba 2020 vyombo vya upande wa Marekani vyaendeshwa kwa umeme, wala havitoi moshi wala kelele za mtambo. Umeme wenyewe watokana na nguvu za mto huo huo. Chombo kilipoondoka, kilipita kwanza mbele ya maporomoko ya Kimarekani, ambapo maji huangukia juu ya marundo ya mawe makubwa. Kisha kikaendelea kupanda mto mpaka ndani ya pindo la Horseshoe. Hapo maji yalituzunguka pande tatu. Rasharasha ilitupiga usoni, ukungu ukafunika kila kitu, na watu waliokuwa wakizungumza wote wakanyamaza. Wengine walicheka, wengine walifumba macho. Sisi ulimi wetu ulikuwa katika tasbihi, maana mwanadamu asimamapo mbele ya maji kama yale huujua udogo wake bila ya kuhubiriwa.

Na hapo, msomaji mpenzi, ndipo lilipo jambo tunalotaka ulitie moyoni. Pale tulipokuwa tumesimama tulikuwa tumekwisha kuvuka mpaka. Tulikuwa katika maji ya Kanada. Hakuna kengele iliyolia, hakuna afisa aliyetuuliza jina, wala hakuna aliyetutaka tuonyeshe karatasi. Chombo kiligeuka, kikateremka na mkondo, kikaturudisha pwani ile ile tuliyotoka. Sheria haikuwa na neno nasi maadamu nyayo zetu hazikukanyaga ardhi ya upande wa pili. Mkataba uliotiwa sahihi mwaka 1909 umeweka ya kwamba maji ya mpaka huu yawe wazi kwa vyombo vya wenyeji wa nchi zote mbili sawasawa. Na juu ya vichwa vyetu, tulipokuwa tukirejea, lilikuwapo daraja la Rainbow, lililofunguliwa mwaka 1941. Huko juu pana maafisa wa uhamiaji na wa forodha, na kila apitaye huulizwa.

Vyombo hivi havikuanzishwa kwa ajili ya matembezi. Stima ya kwanza ya Maid of the Mist, iliyoanza kazi mwaka 1846, ilikuwa kivuko cha kuchukua watu na mizigo kutoka pwani moja hadi ya pili. Baada ya miaka miwili tu, mwaka 1848, lilijengwa daraja la kuning'inia juu ya bonde, na abiria wakaacha kivuko wakafuata daraja. Wenye stima, walipoona riziki yao ya kuvusha watu imekatika, wakaanza kuwachukua wageni mpaka chini ya maporomoko ili wayaone. Ndivyo kivuko kilivyogeuka kuwa chombo cha matembezi.

Katika zama hizo hizo mstari huu usioonekana ulikuwa na maana nzito kwa baadhi ya watu. Utumwa ulikuwa umeondolewa katika dola ya Uingereza, na Kanada ikiwamo, tangu mwaka 1834. Katika majimbo ya kusini ya Marekani utumwa ulikuwa ungali halali, na sheria ya mwaka 1850 iliruhusu mtumwa aliyetoroka akamatwe hata katika majimbo ya kaskazini na kurudishwa kwa bwana wake. Basi watu weusi wengi walikimbilia mto huu. Bibi Harriet Tubman, aliyekuwa mtumwa mwenyewe akatoroka, kisha akarudi mara kadha wa kadha kuwatoa wenziwe, mwaka 1856 alilivuka daraja la Niagara kwa gari la moshi pamoja na watoro aliowaongoza. Mtu aliyekuwa mali ya mtu mwingine upande wa mashariki alikuwa huru alipofika magharibi. Mto ulikuwa mmoja na maji yalikuwa yale yale. Kilichobadilika ni sheria iliyomsubiri msafiri pwani.

Sasa na tuje katika mwaka 2020. Tarehe 11 Machi Shirika la Afya Duniani lilitangaza ya kwamba maradhi ya Korona yameenea ulimwenguni. Siku kumi baadaye, yaani tarehe 21 Machi, Marekani na Kanada zikafunga mpaka wao kwa safari zote zisizokuwa za lazima. Mpaka huo una urefu wa kilomita 8,891, na ni mrefu kuliko mpaka wowote baina ya nchi mbili duniani. Magari ya mizigo yaliendelea kupita, maana watu wa pande zote mbili wahitaji chakula na dawa. Wauguzi na wafanyakazi wengine wa lazima waliruhusiwa. Lakini mtu aliyetaka kwenda kutembea tu, au kununua vitu dukani, au kumwona rafiki, alizuiwa.

Ilipofika Julai, vyombo vya matembezi vilikuwa vimerudi majini pande zote mbili, kila kimoja kikifuata amri ya jimbo lake. Amri ya New York iliruhusu chombo kichukue nusu ya abiria wake. Amri ya Ontario, kwa daraja ya tahadhari iliyokuwako Niagara wakati huo, iliruhusu abiria 6 tu. Vyombo vya Kanada, vilivyokuwa vikiendeshwa na kampuni ya Hornblower, vina uwezo wa kuchukua watu 700. Picha zilizopigwa mwezi huo zikaenea ulimwenguni. Chombo cha Marekani chaonekana kimejaa makoti ya buluu ukingoni. Pembeni yake chapita chombo cha Kanada kilichokaribia kuwa kitupu, na makoti mekundu ya kuhesabika kwa vidole vya mikono. Vyombo vyote viwili vyaelekea maporomoko yale yale, katika ukungu ule ule.

Watu wengi waliziona picha hizo wakacheka. Wengine waliwacheka Wakanada, wakisema ya kwamba khofu imewatoa akili, kwani watu 6 katika nafasi ya watu 700, tena kwenye upepo wazi, ni kioja. Wengine waliwalaumu Wamarekani kwa kujazana wakati maradhi yakiua watu. Sisi hatupendi kuicheka pwani yoyote katika hizo mbili. Yafaa tutazame hali ilivyokuwa. Wiki hiyo Marekani ilikuwa imekwisha kuzika watu zaidi ya 140,000 kwa maradhi hayo, na Kanada ilikuwa haijafikia watu 9,000. Kweli, Marekani ilikuwa na watu wengi zaidi, wapata mara tisa ya watu wa Kanada wakati huo. Lakini hata ukifanya hesabu hiyo, msiba wa Marekani ulikuwa mkubwa zaidi. Sababu zake zilikuwa nyingi, wala hatusemi ya kwamba chombo kimoja kitupu ndicho kilichowaokoa watu. Huenda chombo kile kingeweza kuchukua watu thelathini au sitini bila ya kumdhuru mtu. Na kwa hakika siku chache baadaye, tarehe 24 Julai, wilaya ya Niagara ilipandishwa daraja nyingine ya kufunguliwa, na idadi ya abiria ikaongezwa.

Hata hivyo, yapo mambo mawili katika chombo kile kitupu ambayo twaona yanastahili heshima. La kwanza ni khasara iliyobebwa. Chombo cha watu 700 kikiondoka na watu 6 hakirudishi gharama ya mabaharia wake, na mji wa Niagara Falls wa Kanada, kama jirani yake wa Marekani mwenye jina lilo hilo, waishi kwa wageni. Wapishi, wafagiaji, wauza maduka na wenye nyumba za wageni walikuwa katika dhiki ya kweli, na ni wajibu kuwakumbuka tunaposifu sheria za tahadhari, kwa kuwa mzigo wa sheria hizo haukuwaangukia watu wote kwa uzito mmoja. La pili ni kwamba tahadhari hupata shida ya kujitetea. Maradhi yakija, kila mtu huyaona. Yakizuiliwa, hakuna awezaye kumwonyesha mtu aliyepona kwa kutougua. Kwa ajili hiyo mwenye kujizuia huonekana mjinga machoni pa jirani yake, khasa jirani huyo akiwa apita karibu naye katika maji yale yale.

Shida kubwa zaidi haikuwa ya watalii, bali ya jamaa. Pande mbili za mpaka ule watu wameoana, wamezaliana na wamezikana. Bibi na mjukuu waliozoea kutembeleana kwa kuvuka daraja walijikuta wametenganishwa. Mwezi wa Juni 2020 Kanada ilianza kuwaruhusu mume, mke, watoto na wazazi wa raia wake kuingia, kwa sharti la kukaa karantini siku 14. Sheria nazo hazikuwa zimenyooka. Mkanada aliweza kupanda ndege akaenda Marekani, lakini hakuweza kwenda huko kwa gari kwa kupita darajani kama safari yake si ya lazima. Na hapa Niagara ilikuwa ajabu zaidi: Mmarekani ambaye hakuruhusiwa kukanyaga Kanada aliweza kulipa nauli, akapelekwa na chombo mpaka ndani ya maji ya Kanada, akaloweshwa na maporomoko ya Kanada, kisha akarudishwa kwao. Aliweza kuuona mji aliko ndugu yake, na pengine kumpungia mkono, lakini hakuweza kumpa mkono.

Sisi Waislamu hatukuwa wageni wa mambo haya. Mtume wetu (S.A.W.) alitukataza kuingia katika nchi tuliyosikia imo tauni, na akatukataza kuitoka kwa kuikimbia ikiwa imetukuta humo. Katika zama za Sayyidna Omar bin Khattab (R.A.), ilipotokea tauni ya Amwas nchi ya Sham, Khalifa alikuwa njiani kwenda huko. Alipofika mahali paitwapo Sargh alipata khabari ya maradhi, akashauriana na watu, akaazimia kurudi Madina. Abu Ubaida bin Jarrah (R.A.) alimwuliza kama anaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu. Omar akamjibu ya kwamba waikimbia kadari ya Mungu kuiendea kadari ya Mungu. Kisha akampigia mfano wa mtu mwenye ngamia aliyeteremka katika bonde lenye pande mbili, mmoja una malisho na mmoja mkavu; popote atakapolisha, amelisha kwa kadari ya Mungu, lakini mwenye akili hachagui upande mkavu. Kisha akaja Abdur-Rahman bin Auf (R.A.), akawasimulia ile hadithi ya Mtume, na Omar akamshukuru Mungu, akageuza safari yake.

Tulikumbuka mfano huo wa bonde tulipokuwa chini ya maporomoko, na jabali limepanda kulia kwetu na kushoto kwetu. Tukakumbuka pia ya kwamba mwishoni mwa Julai ile ile ya 2020 ibada ya Hija ilifanywa na watu wachache tu, waliokuwa wamo nchini Saudia tayari, ilhali mwaka uliotangulia mahujaji walikuwa zaidi ya milioni mbili. Wazee wetu wengi waliokuwa wamejiwekea fedha kwa miaka walikaa majumbani mwao wakalia. Ikiwa Nyumba Tukufu ilipunguziwa watu kwa ajili ya kuhifadhi roho za watu, basi si ajabu kwa chombo cha matembezi kwenda na abiria sita.

Lipo jambo la mwisho la kujifunza katika mto huu. Mwaka 1950 Marekani na Kanada zilifanya mkataba juu ya maji ya Niagara, kwa kuwa kila nchi ilitaka kuyachota kwa ajili ya mitambo ya umeme. Walikubaliana ya kwamba katika saa za mchana za majira ya wageni yasipite maporomokoni chini ya mita za ujazo 2,832 kwa kila sekunde. Na usiku, na katika majira ya baridi, yasipungue nusu ya kiasi hicho. Yanayozidi, nchi mbili hugawana sawasawa. Basi yale maji ambayo mtu huyadhania hayana wa kuyatawala, yapimwa kila siku kwa kipimo kimoja kilichokubaliwa na pande zote mbili, na mkataba huo umedumu zaidi ya miaka sabini.

Lakini lilipokuja jambo la watu, vipimo vilikuwa viwili. Nusu ya chombo huku, watu sita kule. Hata kufunguliwa kwa mpaka hakukuwa kwa siku moja: Kanada iliwafungulia Wamarekani waliochanjwa tarehe 9 Agosti 2021, na Marekani ikawafungulia Wakanada waliochanjwa kuja kwa njia ya nchi kavu tarehe 8 Novemba 2021. Kwa miezi mitatu daraja lilikuwa wazi kwa matembezi ya upande mmoja, na limefungwa kwa upande wa pili. Majirani walioweza kupatana juu ya tone la maji hawakuweza kupatana juu ya mlango wa kumwona mgonjwa au kuzika maiti.

Hatuandiki haya kuwasuta watu wa Niagara. Twaandika kwa kuwa maradhi mengine yaweza kuja, na yatakapokuja kila nyumba itakuwa na pwani zake mbili. Patakuwa na mwenye kuogopa sana na mwenye kudharau, na kila mmoja atamcheka mwenzake. Wazazi, wafundisheni vijana ya kwamba tahadhari si upungufu wa imani, na ya kwamba kumcheka mwenye kujizuia ni dharau kwa roho anazojaribu kuzihifadhi. Nanyi vijana, mkimwona mtu amefungiwa riziki yake kwa ajili ya usalama wenu, msipite mkamwacha. Mnunulieni chakula, mlipieni kodi, muulizeni hali yake. Na wenye kutawala, yafaa wakae na majirani zao mapema, wakati wa salama, wapatane juu ya nani atapita mlangoni siku ya dhiki, kama walivyokaa wale wakapatana juu ya maji.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa katika maradhi yale, awape subira waliofiwa, na atupe busara ya kujikinga pamoja na huruma ya kusaidiana. Amin.